Sahihi Ambayo Hukuiandika

Baba,

Nimechoka, na wa kwanza kulaumiwa ni wewe. Nilipokuuliza kwa nini wakili wako hakutokea mahakamani Arua mara mbili, ulinikemea: "Zubeda, wacha mutu ya sheria afanye kazi yake. Iko na masomo." Ukamwita "mwanangu". Ukampelekea mihogo ya shamba letu la Dadamu mpaka ofisini.

Wiki moja baada ya kukuzika ndipo nikajua. Kwenye faili la kesi ya shamba kulikuwa na hati inayosema umekubali kumwachia jirani sehemu yote ya chini, mpaka kwenye kijito. Chini yake sahihi nzuri, yenye mikia, kama ya mwalimu mkuu. Wewe, Baba! Wewe uliyeweka kidole gumba hata kwenye fomu zangu za shule, kisha ukapangusa wino kwenye suruali na Mama akagomba.

Nikamshtaki wakili wako kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili, Kampala. Nikafunga kibanda changu cha vitenge Koboko, nikapanda basi. Safari ya kwanza, wakili anaumwa. Ya pili, faili halionekani. Ya tatu, karani akaniambia, bila hata kuinua macho, nimlete mwenye shamba mwenyewe. Nikamjibu: "Mwenyewe iko kaburini. Nije naye vipi?" Watu wakacheka pale kwenye benchi. Mimi nikaenda kulia chooni.

Safari ya nne wakatusikiliza. Wakili akaja na suti, akasema uliandika mbele yake, kwa mkono wako, ukiwa na furaha. Furaha! Mama mmoja wa kamati akauliza kama ninacho chochote ulichowahi kutia sahihi. Nikaweka mezani kadi yako ya ushirika wa tumbaku na fomu zangu za shule. Gumba, gumba, gumba. Yule wakili akaanza kufuta miwani.

Wamemsimamisha uwakili miaka miwili. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Kumbe kamati haina uwezo wa kurudisha shamba. Hati ile lazima ifutwe na mahakama, tuanze upya. Jirani ameshapanda mtama hadi kijitoni. Na wakili nilimkuta sokoni Arua, akanisalimia: "Dada, habari ya nyumbani?"

Nakukasirikia, Baba. Halafu nakukumbuka ukimpokea kwa mikono miwili, ukimwamini.

Nimepata wakili mwingine, binti. Nilimwambia asiandike neno kabla hajaja kuona shamba. Alikuja Alhamisi, akauzunguka mpaka wote kwa miguu, akanisomea kila karatasi kwa sauti. Kila nilipokuwa sielewi nilimkatiza. Ukurasa mmoja aliurudia mara nne, bila kununa.

Jumatatu tunaingia mahakamani. Siwezi kukuahidi kwamba tutashinda. Nakuahidi kwamba hakuna neno litakalosemwa tena kwa jina lako nikiwa sipo.

Kwaheri, Baba. Mungu akutunze huko. Huku niachie mimi.

Zubeda wako