Usiku wa Kuamkia Jumatano

Mama mpendwa,

Habari ya Ngoingwa? Goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Sisi huku Toronto tu wazima, baridi imeanza kulegea, na wajina wako ananyonya kama ndama.

Ulisema nikuandikie kwenye karatasi kwa sababu maneno ya simu huingia sikio hili na kutokea lile. Basi barua hii naituma na jirani yangu anayekuja kuwaona wazazi wake Githurai 45.

Uliniuliza huku unakokuja kututembelea ni mbali kiasi gani, na swali hilo limeninyima raha. Miaka yote hii nimekuwa nikijibu tu kwamba ni mbali sana. Safari hii nilitaka kujua. Kwenye maktaba ya mtaa kuna tufe la dunia, nikachukua uzi wa kufumia, ncha moja nikaishika Kenya na nyingine hapa. Nilidhani uzi utapita Kongo na kuvuka bahari moja kwa moja. Wapi! Ulipanda jangwani, ukakaribia Uhispania, ndipo ukaja huku. Ni kama kilomita elfu kumi na mbili, yaani kwenda Mombasa zaidi ya mara ishirini na tano, na hakuna kushuka Mtito Andei kunyoosha miguu.

Utakaa angani saa nane na kitu hadi Ulaya, ungoje kidogo, kisha upande ndege nyingine saa nane tena. Ajabu ni kwamba utafika mchana wa siku hiyo hiyo, kwa sababu jua letu liko nyuma ya lenu kwa saa saba. Kurudi ni haraka kidogo. Wanasema upepo wa huko juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Nani alijua angani nako kuna mteremko?

Lakini Jumapili ulinishtua. Nilikuuliza umejipangaje, ukasema, "Jumatano asubuhi niko na maombi ya akina mama, halafu jioni Karanja anipeleke eapoti." Nikauliza kuhusu ile 00:40 kwenye tikiti. Ukanijibu, "Hiyo sufuri sufuri si ni saa bado hawajaamua?" Nilicheka mpaka mtoto akaamka, kisha nikaogopa, maana Karanja naye alisoma hivyo hivyo, na tikiti yenyewe haibadilishwi.

Mama, wenye ndege huanza siku katikati ya usiku. Sisi huianza kukicha. Hiyo 00:40 ya Jumatano ni saa sita na dakika arobaini, usiku ambao wewe na mimi bado tunauita Jumanne. Redio husema vizuri: usiku wa kuamkia Jumatano. Ukienda Jumatano jioni, ndege itakuwa imeshatua huku, nami nimesimama mlangoni nikitazama watu wa wengine wakitoka.

Msichana wa kwanza tulimpa jina la mama wa baba yake, ilivyo desturi. Huyu ni wako. Kila siku namwita Nyokabi, na hajawahi kumwona Nyokabi mwenyewe. Hilo linaniuma.

Msalimie kaka Karanja, umsomee barua hii mara mbili. Msalimie na shangazi, Tata wa Gitothua, aliyekushonea nguo ya safari. Akina mama wa maombi waambie wakuombee ukiwa hewani.

Watu wa huku nimewaambia unafika Jumatano. Wewe jua unaondoka Jumanne usiku.

Ni mimi bintiyo,
Wambui