Dawa Isiyochoka

Jumapili, 7 Julai

Nimemwaga tena maharage ya Mama. Nilisubiri majirani waende kanisani, nikayabeba kwa ndoo hadi shimo la choo. Kuku siwezi kuwapa. Watataga, na mayai yataliwa na mtu. Kugawa siwezi. Kumwaga chakula ni dhambi, na kwa ajili ya dhambi hiyo nimekosa misa.

Kisha nikampigia Mama. Nikasema maharage yameiva vizuri, matamu. Akafurahi.

Kila mavuno ni hivi. Yeye yuko Kansay, mimi niko hapa Ganako kwenye chumba changu kimoja cha kupanga. Mfuko unaletwa na bodaboda, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu. Maharage yamevaa vumbi jeupe, kama yamebingirishwa kwenye sembe. Vumbi hilo ni DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu. Haya yalikuwa mabaki ya mwaka jana. Mapya yanavunwa sasa.

Jumanne, 9 Julai

Kidato cha Nne, homoni. Nilichora kipokezi cha estrojeni ubaoni: kishimo ndani ya seli, kina umbo lake, kinasubiri. Estrojeni ikiingia, seli inapata amri. Matiti, hedhi, mimba. Pembeni nikachora DDT. Haifanani sana na estrojeni. Inafanana kiasi cha kupokelewa.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani. Nikasema hapana. Kalamu zote zikawekwa chini.

Shahada yangu ya pili yote niliitumia ndani ya kishimo hicho. Sina hata mtu mmoja wa kuongea naye habari zake.

Jioni mdogo wangu Daniel amepiga simu. Mke wake Nasieku ni mjamzito. Mimba ya kwanza. Nilifurahi, kwa dhati, hadi aliposema Jumamosi wanachanganya maharage na dawa, na kwamba siku hizi anayechanganya ni Nasieku kwa sababu mgongo wa Mama unauma. Anachanganya kwa mikono.

Naenda.

Jumamosi, 13 Julai. Kansay

Upepo tangu alfajiri. Upepo umeniokoa. Mama hachanganyi dawa kwenye upepo, anasema ni kuipoteza. Ameahirisha hadi Jumamosi ijayo.

Kopo la DDT liko palepale, darini juu ya jiko. La bati, kubwa kama ndoo ndogo. Baba alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la kahawa, na shamba lilipofungwa akaja nalo nyumbani. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Alifariki nikiwa darasa la tano. Mfuniko bado umekazwa kwa mpira wa baiskeli aliouweka yeye. Mama hufungua fundo na kulifunga vilevile alivyokuwa akifunga Baba. Kijiko kimoja kwa gunia, hazidishi. Ndiyo maana halijaisha.

Nilivaa glavu za maabara ili nilisogeze mbali na debe la unga. Mama akaniangalia mikono.

"Umekuja kuzika mtu?"

Nikasema ni sumu. Akanijibu yale yale ya mwaka juzi. Baba yako alikula. Mimi nakula. Wewe ulikula ukafika chuo kikuu. Au chuo kikuu ndiko ulikofundishwa kuogopa chakula cha kwenu? Daniel akacheka hadi akakohoa. Dawa za dukani, Mama akaendelea, miezi mitatu zimechoka. Ya baba yako haichoki. Aliniachia vitu vingi, vyote vimeoza isipokuwa hiki.

Haichoki. Ubaya wake wote uko hapo, na yeye anausema kama sifa.

Jioni nimechambua maharage na Nasieku. Kwao ni Nainokanoka, Umasaini, Kiiraqw chetu bado kinampiga chenga, kwa hiyo akiwepo nyumba nzima inaongea Kiswahili. Aliniona nikinusa kila kiganja cha maharage.

"Wifi, siku ukiolewa mume atakufa njaa."

Nikacheka kidogo. Sikuwa na hamu. Yeye akaendelea na habari za ng'ombe wa baba yake. Kuna mmoja alifiwa na ndama, akagoma kukamuliwa. Baba yake akamchuna yule ndama, akajaza majani makavu kwenye ngozi, akaisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe akailamba. Maziwa yakashuka.

Nikauliza ng'ombe anaweza kuwa mjinga kiasi hicho.

"Si mjinga, wifi. Anamsubiri mtoto."

Miaka yote ya kusoma. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza kipokezi vizuri hivyo.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia Mama. Baada ya misa, wawili tu, tukimenya viazi. Nilisema kwa Kiiraqw. Sikutaja estrojeni. Nilisema mwili wa mwanamke una mahali panaposubiri, na dawa ya Baba ni ngozi ya ndama iliyojazwa majani. Mwili unailamba. Unashusha maziwa kwa ndama ambaye hayupo.

Nilijizuia kusema zaidi ya ninachokijua. Kwamba mtoto wa Nasieku atadhurika, sijui. Hakuna anayeweza kusema hivyo juu ya mtoto mmoja. Ninachojua ni kwamba inajificha kwenye mafuta ya mwili, inakaa miaka, na inatoka pamoja na maziwa. Nikasema Nasieku anyonyeshe, maziwa ya mama bado hayana mfano. Ila asiongezewe.

Mama aliacha kumenya.

"Basi mtoto wa kwanza ndiye anayenyonya ya miaka yote."

Hilo sikumfundisha. Amelifikia mwenyewe. Nikasema ndiyo, mara nyingi.

"Wewe nilikunyonyesha mpaka ukaweza kuniomba kwa maneno."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilitazama kiazi mkononi mwangu. Mama akajifuta mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimeondoka bila kuagwa.

Jumatano, 17 Julai

Hapokei simu. Daniel anasema ni mzima, anakula, haongei.

Baridi kali. Magari ya watalii yanapanda kwenda Kreta, yanashuka. Ninafundisha, ninarudi, ninafunga mlango.

Nimemwumiza. Nilikwenda kumkinga mtoto ambaye hajazaliwa, nikamwambia mama yangu kwamba kitu bora alichowahi kunipa kilikuwa na kitu ndani yake. Ni kweli. Ukweli wake haunisaidii.

Hedhi yangu huja inapotaka, tangu nikiwa msichana. Ndiyo, nimejiuliza. Wanawake wengi wako hivyo na hawajawahi kuona DDT. Jibu sina na sitalipata. Kiumbe kimoja hakina cha kulinganishwa nacho. Ningemwambia mwanafunzi hivyo, kisha ningefuta ubao.

Jumamosi, 20 Julai

Leo ndiyo siku ya kuchanganya. Upepo hakuna. Nilikuwa nafunga mkoba niende nikabishane tena, Nasieku akapiga.

"Wifi, njoo. Mama amebeba kopo, anakwenda kulitupa korongoni."

Ng'ombe wa kitongoji kizima wananywa kwenye korongo hilo. Chini yake kuna bustani za watu. Nikapiga kelele, mzuie!

"Namzuiaje mama mkwe?"

Simu ikakatika.

Sikumbuki njia. Nakumbuka vumbi jekundu mdomoni na mgongo wa dereva wa bodaboda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwamba Mama angeniamini, hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Niliwakuta njiani, karibu kabisa na korongo. Kopo chini. Juu ya kopo ameketi Nasieku, shuka limetandazwa vizuri, mikono magotini kama yuko kwenye kiti cha harusi. Mama amesimama mbele yake na jembe.

"Mwambie mke wa mdogo wako ainuke."

"Mama, nimechoka. Mimba inachosha," alisema Nasieku, akitazama mlima.

"Amechoka tangu asubuhi. Nikienda kushoto amechoka, nikienda kulia amechoka."

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka. Nikalia mbele yao wote wawili, mtu mzima. Mama aliweka jembe chini.

Nikaeleza. Ukiimwaga korongoni inakwenda na maji. Ukiizika inasubiri. Ukiichoma inapanda na moshi. Nilipofika hapo nikalikumbuka shimo langu la choo kule Ganako, nikaona aibu.

"Kwa hiyo inakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Kwangu."

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu. Nasieku akainuka mara moja, uchovu wote umekwisha. Mama akachuchumaa, akalegeza fundo la Baba, akalifunga upya, akakaza kwa zile kucha zake ngumu. Akanipa kopo. Zito kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 23 Julai

Ofisi ya kwanza wamenielekeza ya pili. Kwenye ya pili mama mmoja mpole amesema dawa za zamani kama hizi hukusanywa kwa pamoja, siku ikifika litatolewa tangazo. Lini? Hajui. "Litunze, mwalimu. Bora likae kwa anayejua."

Mkuu wa shule hataki liingie stoo ya maabara. Kuna wanafunzi. Ana haki. Wote wana haki, na kopo halina pa kwenda.

Nimelitia ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, nikazungushia utepe wa gundi, nikaandika SUMU pande zote. Kupika chumbani nimeacha. Napikia barazani.

Jumapili, 4 Agosti

Mfuko umekuja. Uzi mwekundu. Ndani hakuna weupe. Kuna majivu. Nilimpelekea mifuko isiyopitisha hewa, ya kuhifadhia maharage bila dawa. Daniel anasema amehifadhia nguo zake za kanisani.

Karibu nusu ya maharage yana matundu. Nimechambua polepole. Nimeosha. Yaliyotoboka yakaelea, nikayaondoa kwa kiganja. Nimeyachemsha barazani na kitunguu na chumvi. Jirani amepita akasema leo kwa mwalimu kunanukia. Nimemkaribisha, akasema anawahi.

Nimekula peke yangu, sahani mbili.

Mama amepiga.

"Yameiva?"

"Yameiva, Mama. Matamu."

Nasieku ni mzima, amesema. Anakula kwa wawili, anaongea kwa watatu. Tumecheka. Nilisikia kuku wa nyumbani.

"Na lile kopo?"

"Liko kwangu."

"Usilale karibu nalo."

Nimesema sawa. Chumba ni kimoja. Nimelisukuma pipa hadi mlangoni, nikavuta kitanda upande wa dirisha.