Vyuma vya Mashine ya Baba Yako

Violeth,

Chai iko kwenye chupa. Nimewahi shamba Michenga kufukuza ndege.

Ukishakunywa, mwaga lile gunia la pumba ulilotia vyuma vya mashine juu ya turubai. Kila chuma kisugue kwa mafuta ya taa, kikaushe, kipake grisi. ~~Pistoni niachie mimi.~~ Na pistoni pia.

Asubuhi nimefungua gunia nikakuta kutu tupu. Pumba zinavuta maji, mwanangu, na mvua hizi za Elinino hakuna kinachokauka. Najua ulitaka chumba kiwe safi jumuiya wakija kusali. Wenyewe wakasali barazani tu.

Kutu sina neno nayo, inatoka. Ila marehemu baba yako alipoifungua ile mashine ya kukoboa, alivipanga vyuma ukutani kwa mstari, cha kwanza kutoka mpaka cha mwisho, ili akiifunga aanzie mwisho. Miaka miwili nafagia kwa kuvizunguka. Nilikuwa nangoja fundi yeyote, nimwambie afuate mstari tu.

Sasa umevichanganya, na aliyeujua mstari tumemzika. Ukimaliza kupaka, ~~vipange ukutani~~ weka popote.

Mama