Jembe la Kwanza ni Langu

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba Ochieng,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako na kile kikohozi kimekuachilia. Watoto wanaendeleaje? Adhiambo ameacha kula udongo? Ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima, isipokuwa mabega.

Nimeandika kwa sababu simu yako hupokelewa na Akoth, mke mwenzangu, na hata ukiipokea wewe, yeye yuko hapo anasikiliza. Barua nimempa yule mama wa kwetu Port Victoria anayeleta dagaa wa omena sokoni hapa, atakupitishia akirudi. Na nimeandika Kiswahili kama tulivyozoea tangu siku ulipokuja kununua samaki kwetu, maana Kijaluo changu mpaka leo mnakicheka.

Ujumbe wako niliupata nikiwa kazini, mikono imejaa matope. Ulisema mvua imeshuka vizuri, majirani wameanza kupanda, na Akoth ametoka kwenye baraza ambako mwalimu wa haki za binadamu amewaambia kwamba kila mwanamke ana haki ya kupanda shamba lake bila kumngoja mwingine. Ukamalizia: "Mimi naona apande tu. Mila hizi zimepitwa na wakati."

Zimepitwa lini, Baba Ochieng? Uliponiletea habari ya mke wa pili nilikuuliza kosa langu ni nini. Ukasema sina kosa lolote, mila ni mila, wanaume wa kwenu huoa tena. Siku hiyo mila ilikuwa na nguvu za kubeba kitanda kipya mpaka bomani. Leo imezeeka ghafla?

Nitakuambia ukweli, sina haja ya kuupamba. Nina wivu. Akoth analala mahali ulipo. Anapikia sufuria yangu kubwa. Adhiambo anamwita mama, na mimi juzi kwenye simu aliniita "Mama wa Kisumu", kama mtu anayekuja kutembea. Sasa Akoth anakaa mbele kwenye baraza akifundishwa haki, na mimi niliyelilia shule nikaishia darasa la sita, nabeba maji ya mjengo. Kitu kimoja tu hana. Hawezi kutia mbegu ardhini kabla mimi, mikayi, mke wa kwanza, sijatia yangu. Hicho nacho mnataka kukichukua, tena kwa ujumbe wa simu.

Hebu sikia kazi ninayofanya siku hizi, labda utacheka. Tuko Milimani, kwenye kiwanja cha mama mmoja mwenye uwezo. Anajenga boma la Kijaluo la zamani, si la kuishi, ni la wageni kuja kutazama na kupiga picha. Nyumba ya mikayi iko katikati imetazama lango, ya mke wa pili iko kando yake, kuna ghala, kuna zizi lisilo na ng'ombe. Mimi nachota maji na kukanda udongo wa kukandika kuta. Fundi wetu, Mzee Okumu, ananiita Mama Port kwa ajili ya kwetu, na mdomo wake haupumziki.

"Mama Port, hiyo nyumba kubwa si ni yako? Ingia upumzike, mume yuko njiani."

"Mume wangu yuko kwa ile ndogo," nikamjibu, "na hatoki."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaangusha karai. Mimi pia nilicheka. Halafu nilienda nyuma ya ghala nikakaa kidogo.

Wiki hii yule mama mwenye boma alikuja na wageni hata kabla hatujamaliza. Alisimama kwenye mlango wa mikayi akawaeleza kwamba huyu ndiye anayefungua msimu. Usiku wa kuamkia kupanda mume hulala kwake, asubuhi mama anatoka na jembe, akishatia mbegu zake ndipo wengine wafuate. Alieleza vizuri, nikahisi kama anataja jina langu mbele ya watu. Nilinyoosha mgongo na ndoo yangu kichwani.

Msichana mmoja wa chuo akauliza, "Na kama mikayi hataki kupanda? Au yuko mbali? Yule wa pili na watoto wake wale nini?"

Mwenye boma akacheka. "Hapa hatumlazimishi mtu, dada yangu. Tunahifadhi tu."

"Kuhifadhi ni rahisi kwa nyumba isiyo na mtu," msichana akasema.

Mzee Okumu akaninong'oneza, "Mama Port, huyo umemkosea nini?"

Nilimchukia yule msichana njia yote ya kurudi. Lakini swali lake lilinifuata mpaka kwenye foleni ya maji hapa Nyalenda. Nikamkumbuka marehemu mama yako, mwaka ule malaria ilipomlaza wakati wa mvua. Mbegu zangu zilikuwa kwenye debe, nimeshazichambua. Mahindi ya majirani yameshatoa majani, na mimi namngoja yeye aanze, maana mama mkwe hutangulia. Nilikuwa mgeni kwenu, lugha sijui, ningemlalamikia nani? Siku moja akaamka mwenyewe, akanishika mkono, tukaenda polepole mpaka ukingo wa shamba. Akachimba mashimo machache, akatia mbegu, akaketi chini akihema. "Haya, mwanangu, nenda sasa," akasema. "Sikuletwa hapa kukufunga." Hakusema mila imekufa. Hakutaka pia nife njaa kwa ajili ya mila.

Kwa hiyo Akoth ana haki. Naandika hivyo na mkono hautaki. Watoto wake wana haki ya kula, na wangu wanakula sufuria hiyo hiyo. Mwalimu wa baraza hakudanganya. Lakini mimi nami nina haki ya kuulizwa. Mama yako alinifundisha kila kitu cha kwenu, mimi mtoto wa Port Victoria, na nimekishika kuliko ninyi mliozaliwa nacho. Mkikitupa nikiwa huku, mimi nitakuwa nani katika boma hilo? Nitakuwa kama ile nyumba ya Milimani. Imekandikwa vizuri, wageni wanaisifu, na hakuna anayelala ndani.

Nimeamua hivi. Ijumaa nakuja. Mzee Okumu anasema akipata mwanamke mwingine wa kubeba maji, nafasi yangu imekwenda. Na iende, Kisumu haikosi mjengo. Jumamosi asubuhi nitachimba mashimo yangu machache, na kabla umande haujakauka Akoth aanze kupanda shamba lake lote. Shamba langu mtanimalizia ninyi, maana Jumapili lazima nirudi. Mwambie achambue mbegu mapema. Mwambie siji kumzuia. Lakini usimwambie kwamba nimekubali ana haki. Hilo nitamwambia mwenyewe siku nikiwa tayari.

Nisalimie Ochieng, kifungua mimba wangu, mwambie kalamu zake nitakuja nazo. Nisalimie dada yako Auma anayeuza mandazi pale njia panda, na ndugu yangu Wanyama mshona nyavu, akipita huko. Adhiambo mwambie mama yake anakuja, usiongeze "wa Kisumu". Akoth pia msalimie.

Neno la mwisho. Nyumba yangu najua imejaa vumbi na buibui. Ifagie kabla sijafika, utandike kitanda, uwashe taa. Usimtume Akoth. Fagia wewe. Na Ijumaa usiseme una kikohozi, au kwamba unalinda ng'ombe anayetaka kuzaa. Utalala humo. Mila ni mila.

Ni mimi mke wako, wa kwanza,
Mama Ochieng