Taa Zilizooshwa

Jumatatu, 4 Machi

Wifi ameosha taa za redio! Kwa sabuni ya vyombo! Nimerudi kazini nikazikuta jikoni juu ya taulo, zimepangwa kando ya vikombe, zinang'aa. Valvu zote tano za redio ya Baba (sisi nyumbani tunaziita taa), pamoja na zile za akiba zilizokuwa kwenye kopo. Zimechanganyika, na namba zilizoandikwa juu ya kioo zimekwenda na maji.

Ati alitaka kuipendezesha redio kabla mnunuzi hajaja. Nilipofoka akasema shukrani ya punda ni mateke. Kwa hiyo mimi ndiye punda!

Mnunuzi mwenyewe ni mtu wa mapambo ya hoteli. Anataka sanduku tu — alitoe matumbo, apange maua ndani! Na kaka yangu kakubali. Redio iliyokufa ya nini, anasema. Nikamuuliza, ikiimba je? Akacheka. Ikiimba kabla hajaichukua Jumapili, basi ibaki.

Haya. Nimelishika neno lake.

Jumanne, 5 Machi

Baba ametengeneza redio za mtaa mzima, na hii ndiyo aliyobaki nayo. Tangu kiharusi kimpige, neno lililomsalia ni moja tu: bado. Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Basi Kaka anamsema mbele yake kama anasema kabati. Mzee hata hajui kama redio ipo, anasema.

Hajui! Mbona walipoitoa sebuleni kuipiga picha machozi yalimtoka?

Nimeifungua leo. Kando ya kila tundu pana namba iliyogongwa kwenye bati. Matundu yanajieleza, taa ndizo mabubu. Zote zina miguu minane, kila moja inaingia popote. Ukikosea, unaiunguza. Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimpelekea Baba beseni lenye taa. Akachukua moja kwa mkono wake mzima, akaipeleka mdomoni. Nikampokonya! Wifi yuko mlangoni, hakosi: jamani, mzee sasa anakula vioo.

Baba akanitazama vibaya sana. Akachukua nyingine. Akaachama — haaa! — akaipumulia. Na ndani ya ule mvuke, namba! Hafifu, mara ikapotea. Nikaipumulia mimi, ikarudi!

Nilipiga ukelele mpaka wifi akaangusha mwiko. Sasa nani hajui? Nani?

Ijumaa, 8 Machi

Taa nne zimepatikana. Ya tano wapi! Mbili wifi alizisugua kwa waya wa sufuria, hata tupumue mpaka kesho hazioneshi kitu. Kwa nini? Zilikuwa na weusi, anasema. Weusi wenyewe uko NDANI ya kioo! Alikuwa anasugua nini?

Mbili hizo zinafanana kama mapacha. Moja ndiyo, nyingine siyo. Nikamwinulia Baba. Hii? Bado. Na hii? Bado. Nilitaka kulia. Si yeye aliyeniudhi, ni hilo neno.

Kisha akaifumba moja kiganjani. Hata wakati wa kula hakuiachia. Nimemlisha mimi, yeye kaishika taa yake. Nimemwelewa — au najidanganya.

Jumapili, 10 Machi

Wamekuja mapema! Kaka na mtu wake wa mapambo. Bwana kaingia na futi, anapima sanduku mbele ya Baba, hata shikamoo hana. Anauliza kama rangi inabanduka.

Nimechomeka taa zote, ya tano ni ile ya kiganjani. Nimewasha. Nimewaambia watulie, redio hizi hazikurupuki, lazima zipate moto kwanza. Kaka anazunguka chumba. Wifi anasema ananusa kuungua. Hakuna kinachoungua! Ni vumbi, hilo peke yake ndilo hakuliosha!

Naandika hapa sakafuni, nyuma ya redio, ili mikono yangu isimpige mtu. Taa nne zimeshakuwa nyekundu. Ya tano sioni kitu. Baba kasogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa sanduku.

Kaka ameinama. Kashika waya wa umeme, anataka kuuchomoa. Unaona, anasema, imekufa.

Baba kamkamata mkono wa shati. Hamwachii.

"Bado."