Anwani ya Baba

Masama, Jumanne

Zile nyota nyekundu zimenimaliza. Kila penye nyota ni lazima ujaze, usipojaza fomu ya chuo inakurudisha palepale.

Nilishuka Moshi mjini asubuhi, nikakaa kwenye intaneti kafe, nikajaza vizuri tu mpaka nikafika penye "anwani ya sasa ya baba". Nikapaacha wazi. Ikakataa. Nikaandika "marehemu". Ikakataa tena, eti haina sanduku la posta.

"Hiyo mashine haijui kwamba watu hufa, mdogo wangu," akasema dada anayehudumia pale. "Andika chochote upite. Si kesho wanafunga maombi?"

Chochote! Baba yangu huyo!

Nilikitazama kile kisanduku kitupu mpaka macho yakauma. Mwishowe nikaandika sanduku la posta la usharika wetu, halafu kihamba chetu, shamba letu la ukoo, Masama. Sikudanganya. Yupo pale nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake, na mimea ya masale tuliyompandia kaburini imeshashika mizizi.

Fomu ikakubali. Nikashusha pumzi. Ukurasa wa pili ukafunguka, ukataka namba ya simu ya baba. Nayo ina nyota.

Nikainuka, nikaondoka.

Jioni mama alikuwa anatoka bandani na maziwa. Akaniuliza kama nimemaliza.

"Bado, mama. Wanataka kuongea na baba."

Akaweka ndoo chini.

"Hata mimi," akasema.