Sauti Yangu ya Mwaka Jana Ilimwombea Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nitasema yote bila kuficha kwa sababu nimechoka kuficha. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kabiria, nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja katikati ya jiji, na kwa miaka sita nimekuwa miongoni mwa viongozi wa maombi katika kanisa letu huku Riruta, ambako tuna kikundi cha WhatsApp chenye watu sitini na watatu, na kila alfajiri saa kumi na moja kiongozi mwenye zamu hurekodi sala ya dakika nne au tano na kuituma, kisha wengine huitikia Amina na kwenda kazini, na zamu yangu ni Jumanne na Ijumaa.

Zamani nilikuwa nikiamka mapema, napiga magoti kando ya kochi, na maneno yalikuja yenyewe, hata watu walisema sala ya Mama Clifford inaamsha mtu kuliko chai ya tangawizi, lakini tangu mwaka jana moto umezimika, nikipiga magoti nafikiria sare za shule na nyanya za mboga, nikifungua Biblia macho yanasoma na moyo haupo, nami kwa kuwa sikutaka aibu ya kurudisha zamu nikaanza jambo ambalo sasa naliungama kwako. Nina simu yangu ya zamani yenye sala zangu zote za mwaka jana, basi siku ya zamu naiweka mezani kando ya simu mpya, naifungulia sala moja, na ile simu mpya inairekodi kana kwamba ndiyo kwanza naomba, kwa sababu ukiituma moja kwa moja watu wataona kwamba imetumwa tena, na wakati sauti yangu inalia mezani mimi niko jikoni nachemsha chai, hadi siku moja mume wangu akaniuliza, "Kwani leo mnaomba wangapi hapa?" nikamwambia anyamaze asije akasikika.

Nimefanya hivyo tangu Septemba na hakuna aliyegundua, mpaka Jumanne iliyopita nilipochukua sala moja bila kuisikiliza kwanza, kumbe ni ile niliyomwombea Baba Quincy, yaani Shem, mume wa rafiki yangu Peres wa mtaa wa Jamhuri, alipokuwa amelazwa hospitalini, nikimsihi Mungu amwinue kitandani na amrudishe nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na Shem tulimzika Agosti mwaka jana, kanisa zima lilikuwepo. Mshauri, watu arobaini na mmoja waliitikia Amina, wa kwanza kabla hata dakika moja haijaisha, na mzee wetu wa kanisa, Zedekiah, ambaye ndiye aliyeongoza ibada ya mazishi, aliandika, "Amina mama, tumepokea," na aliyesikiliza mpaka mwisho ni Peres peke yake, akanipigia simu nikiwa kazini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Clifford, sasa Baba Quincy ainuke aende wapi?"

Nilimwambia ni mtandao umechanganya, naye akasema, "Sawa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja kwako uniombee. Mimi tangu tumzike sijaweza, maneno haitoki," nami nikamwambia karibu sana, na tangu siku hiyo sina raha kwa sababu Peres ndiye rafiki wa kweli niliye naye hapa Nairobi, anakuja kutafuta kwangu kitu ambacho mimi mwenyewe sina, na nikimdanganya mara ya pili, uso kwa uso, najua nitampoteza. Nimefikiria kufunga siku saba, nimefikiria kupanda Ngong na akina Njambi ambao huenda kuomba kule mlimani, nimesikiliza mahubiri sita ya kuamsha moto na yote yamenipita. Nifanye nini ili moto wa maombi urudi kabla hajafika, na je, kuna haja ya kumwambia habari za ile simu ya zamani, au itamuumiza bure?

Jacklyne, Kabiria

*

Jacklyne, nimeyabadilisha majina yote katika barua yako, kwa hiyo vuta pumzi. Ningependa ungeivuta pia ulipokuwa ukiandika, maana nimesoma nusu ukurasa nikitafuta nukta.

Pole. Naisema sasa kwa sababu baada ya hapa sitaisema tena kwa muda.

Umefanya kazi kubwa ili kuepuka kazi ndogo. Simu mbili, meza moja, na mume anayeamriwa anyamaze nyumbani kwake ili sala isiyoombwa isikike vizuri. Kwa juhudi hiyo hiyo ungeweza kumwambia Mungu sentensi mbili za kweli, na chai ingechemka vilevile. Hukumwonea aibu Mungu aliyekuwa akikutazama jikoni. Uliwaonea aibu watu sitini na watatu ambao, kama ulivyoshuhudia mwenyewe, hawakuwa wakisikiliza. Na hao nao wananichosha. Mtu anaitikia Amina sala ya dakika nne kabla ya dakika ya kwanza kwisha, ameitikia nini? Mzee aliyemzika marehemu anaandika kwamba wamepokea. Wamempokea nani? Lakini hao hawakuniandikia. Umeniandikia wewe.

Unasema moto ulizimika, na unataja sare na nyanya. Sare na nyanya zilikuwepo miaka yote ulipokuwa ukiomba vizuri. Hebu zisome tarehe ulizoziandika mwenyewe. Shem alizikwa Agosti. Simu ya zamani ilianza kazi Septemba. Hukuchoka, Jacklyne. Ulikasirika. Uliomba kwa moyo wako wote mtu apone, ukaomba mbele ya kanisa, pengine ukamhakikishia Peres kwamba atapona, naye akafa. Hukumwambia Mungu neno hata moja kuhusu jambo hilo. Ulimnunia, kisha ukaendelea kumtumia sauti ya mwanamke ambaye hakuwa amekasirika bado. Aliyemnunia mwenzake hawezi kuanza tu kumsalimu kwa maneno matamu. Lazima kwanza aseme kinachomuuma.

Kwa hiyo usifunge siku saba. Utakuwa na njaa na bado utakuwa umenuna. Usipande mlima wowote. Uliyemnunia ukiwa jikoni Kabiria yupo jikoni Kabiria. Na mahubiri sita yanatosha. Wakati wa kufunga na wakati wa mlima utakuja, lakini hivi sasa unavitafuta kama ulivyoitafuta ile simu, ili kitu kingine kizungumze badala yako.

Unauliza kama ukweli utamuumiza Peres bure. Amekwisha kuumia. Alisikia sauti yako ikimsihi Mungu amrudishe mume wake miezi kumi baada ya kumzika, akakuuliza swali zito, nawe ukamjibu kama karani wa kampuni ya simu. Peres si mjinga. Anajua kwamba mtandao haurekodi sala. Alikupa nafasi ya kusema kweli, ukaikataa, naye akakupa nyingine kwa kukuomba mkutane. Watu wenye subira ya namna hiyo ni wachache, nami sikushauri uendelee kuijaribu.

Usingoje mwisho wa mwezi. Haifai mjane atoke Jamhuri kuja kuchukua kwako kitu ambacho umekiri huna. Nenda wewe, Jumamosi hii, mchana, peke yako. Mweleze ulivyofanya, tangu Septemba, pamoja na chai. Usijitetee kwa kazi wala kwa watoto. Akikasirika, kaa umsikilize. Akikwambia uondoke, ondoka, na umwombe ruhusa ya kurudi Jumamosi inayofuata. Ukitoka huko ndipo uwaandikie wale wengine, mistari miwili tu: kwamba sala ulizowatumia zilikuwa za zamani, unaomba radhi, na zamu zako apewe mtu mwingine. Watakusema kwa wiki mbili. Utaishi. Zamu usiirudie mpaka umeomba mwaka mzima bila mtu kukusikia.

Na Peres akikubakisha, ombeni. Usilete ile sauti ya alfajiri. Sebule ya Jamhuri ni ndogo na Mungu si kiziwi. Sema tu kwamba mlimwomba amponye Shem, hakumponya, na wewe hujazungumza naye tangu siku ile. Kisha nyamaza. Usiongeze shukrani ambazo huna moyoni. Usimtungie Peres maneno yake. Amekuambia hayatoki, na huenda yamekwama kwa sababu kila anayemwendea anafika na maneno yake tayari.

Akilia, usimtulize kwa wimbo wala kwa mstari wa Maandiko. Kaa naye mpaka amalize, kisha umuulize kama amekula.